Uso Aliopewa Daudi

Carrara, Jumapili ya pili ya Oktoba, 1869

Kaka yangu mpendwa Egisto,

Nakuletea salamu nyingi, nyeupe na tele kama vumbi linalotua mabegani mwa watu wa huku. U hali gani huko Marseille? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia? Na mikono, bado inachubuka kwa magadi ya kiwandani, au sasa imezoea? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, isipokuwa lile goti lake la kushoto, ambalo linajua mvua itanyesha lini kuliko padre. Paka uliyemwacha amezaa tena, safari hii ndani ya kofia yako ya machimboni iliyoanguka nyuma ya mlango, na Mama amekataza mtu yeyote asiwaguse. Mimi pia sijambo. Nimerefuka tu, nguo ya kanisani imenipanda, na nikipita sokoni najiona kama nguzo iliyosahauliwa njiani.

Sabuni uliyotuma ilifika salama, ahsante sana. Mama ameiweka kwenye sanduku la mashuka na hataki tuiogee. Anasema hiyo ni ya kunusa. Mzee Pilade, yule mng'arishaji wa karakana, alipoonyeshwa aliinusa akafumba macho, akasema, "Huyu kijana ni kiboko! Amekimbia sabuni ya magogo, akaenda kupika sabuni!" Watu wote wakacheka. Najua na wewe utacheka, maana hakusema kwa ubaya. Lakini Baba alikuwapo, na Baba hakucheka. Aliweka patasi chini akatoka nje kunywa maji, na maji yalikuwa ndani.

Kwa hiyo unaona, mambo ya nyumbani ni yale yale. Yale magogo yanayopakwa sabuni ili mawe yateremke mlimani bado hayatajwi mbele yake, wala jina la rafiki yako Nando, wala lako. Siku lile jiwe lilipoteleza na kumlalia Nando, na baragumu likapigwa mpaka machimbo yote yakasimamisha kazi, Baba alilia kama sisi sote. Lakini ulipokataa kupanda tena mlimani kutandika magogo, alikuita kuku mbele ya watu pale kwenye duka la mvinyo, na tangu uondoke ni kama alilimeza neno lile likamkwama kooni. Hawezi kulitoa, hawezi kulishusha. Nakuandikia haya kwanza ili ujue yanayofuata yametoka wapi. Maana leo nina habari, Kaka, na ni habari yako.

Nilimaliza shule ya masista mwezi wa sita. Kifaransa changu kimesifiwa, sauti yangu imelaumiwa: Sista Mkuu aliandika kwenye cheti kwamba nasoma lugha mbili na nanyamaza katika zote mbili. Maestro Corsiglia, mwenye karakana anakofanya kazi Baba, alipopata habari akamwambia anilete, kwa kuwa alikuwa ameagizwa sanamu na mama mmoja wa huko huko Marseille uliko, Madame Peyrard, na barua zake za Kifaransa zilikuwa zinamtoa jasho. Nikaanza kwenda. Nilitafuta mahali pa kukaa nisipoonekana, nikapata nyuma ya yule Musa mkubwa wa plasta, karibu na dirisha. Hapo nina kiti, meza ndogo na mgongo wa Musa. Pilade ananiita "Bi Harusi wa Musa." Kila asubuhi ananiuliza mzee ameamkaje.

Sanamu yenyewe ni Daudi. Madame Peyrard ni mjane wa mwenye merikebu, ameanzisha shule ya watoto wa mabaharia waliofia baharini, na alitaka shujaa wa kusimama ukumbini, watoto wamwone kila wanapoingia. Maestro alimfanya Daudi kabla hajarusha jiwe: amesimama, mguu mmoja mbele, kombeo limening'inia mkononi, kichwa kimegeukia bonde ambako Goliathi anakuja. Goliathi mwenyewe hayupo, unamwona kwa macho ya Daudi tu. Na miguuni pake imelala kofia ya chuma ya Sauli, ile aliyovishwa na mfalme akaivua akasema hawezi kwenda nayo. Kwa udongo na kwa plasta alikuwa kijana mzuri sana, lakini uso wake, Kaka, ulikuwa kama wa mtu aliyeshiba anayengoja usingizi. Maestro alikuwa akiwaambia wageni kwamba ndivyo shujaa alivyo: Mungu yuko naye, moyo wake umetulia kama maji ya kisima, kwa hiyo hata kope haichezi. Ndivyo walivyochonga watu wa kale, na ndivyo itakavyochongwa katika karakana yake.

Kazi ya marumaru ilifanywa kama kawaida. Vijana walipima kwa sindano ya kupimia kutoka misumari iliyopigiliwa kwenye sanamu ya plasta, wakatoboa, wakabomoa, mpaka Daudi akatoka kwenye jiwe akiwa amevaa koti jembamba la marumaru, unene wa ukucha. Hapo vipimo vinaishia, wewe unajua. Koti hilo la mwisho halina misumari wala sindano, ni jicho na mkono wa mtu mmoja tu, na kwa uso mtu huyo siku zote ni Baba. Alitundika gunia mbele ya kichwa cha Daudi, akapanda jukwaani, akafanya kazi humo kwa majuma kadhaa bila kuimba. Nawe unajua Baba hachongi bila kuimba.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Alileta chakula cha mchana, mkate na mafuta ya nguruwe, akainua gunia ili ampe Baba mkononi. Akasimama hapo. Baba alichukua mkate akaanza kula, macho chini. Kisha Mama akapanda jukwaani, yeye na goti lake lile, akashika ncha ya aproni na kumfuta Daudi vumbi mdomoni, taratibu, kama unavyomfuta mtoto aliyemaliza uji. Kuanzia siku hiyo alileta chakula yeye mwenyewe kila siku, na Pilade akaanza kumtania Baba kwamba kwa umri wao ule mapenzi yamerudi na joto.

Mimi nilingoja watu watoke kwenda kula. Nikatoka nyuma ya Musa, nikainua gunia.

Kaka, ni wewe. Hakumchonga mtu anayefanana nawe. Ni wewe, asubuhi ile ulipokataa kupanda mlimani, ukakaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni. Kile kikunjo kidogo katikati ya nyusi kipo. Ule mdomo wa chini, unaouuma kwa ndani upande wa kushoto mpaka shavu linabonyea, upo. Macho yanatazama kule bondeni na unajua kabisa ameliona jitu lile, amelipima, na anaogopa. Anaogopa sana. Na hajakimbia, lakini haijulikani kama hatakimbia. Nilishusha gunia nikarudi kwenye kiti changu, na barua niliyokuwa naiandika kwa Madame ikanishinda.

Maestro alipoondoa gunia, kelele zake zilisikika mpaka mtoni. Alimwuliza Baba kama ameagizwa kuchonga shujaa au mtoto anayengoja kung'olewa jino. Alisema Daudi mwenye woga si Daudi, ni mchunga kondoo aliyepotea. Alisema shule nzima ya watoto itacheka, na Madame akiikataa, jiwe limepotea na Baba atafute karakana nyingine, miaka yote aliyofanya kazi hapo isimsaidie. Dawa ilikuwa moja: kuukwangua uso mzima kidogo, kulainisha kile kikunjo, kunyoosha ule mdomo. Jiwe haliongezwi lakini bado lilikuwapo la kutosha kupunguza, mara moja tu. Baba alisikiliza mpaka mwisho akasema sawa, atafanya.

Hakufanya. Jumatatu alisema patasi butu. Jumanne alisema mwanga mbaya. Jumatano alikaa anainoa patasi ile ile ya jana mpaka Maestro akamwuliza, "Amedeo, hiyo patasi unainoa au unaiposa?" Baba akajibu kwamba uso si sufuria, haukwanguliwi kwa haraka. Mama alikuwa hapo na kikapu, na alivyomtazama Maestro nilishukuru kwamba kikapuni hamkuwa na kisu kikubwa. Nilielewa kwamba Baba akikwangua, basi, uso wako hautakuwapo tena popote huku; na asipokwangua, atafukuzwa. Nilikuwa nalala na hilo na kuamka nalo, na sikumwambia mtu, maana unanijua.

Alhamisi Madame Peyrard akafika, siku mbili kabla ya siku aliyoandika. Merikebu yake ilipata upepo mzuri. Nilimtarajia awe bibi mnene wa manyoya na mapete. Kumbe ni kizee kidogo cha nguo nyeusi, buti zina matope, na fimbo ya kutembelea aliyoigonga sakafuni kama anaita mhudumu. Nikajibana nyuma ya Musa. Maestro akanitafuta kwa macho, akanguruma, "Zelinda, toka huko! Musa hajui Kifaransa!" Vijana wakaangua kicheko. Nikatoka nikiwa mwekundu mpaka kwenye vidole.

Alizunguka sanamu polepole. Aliisifu miguu, akaigusa kofia ya Sauli kwa fimbo, akacheka kidogo. Kisha akainua kichwa, na akakaa hivyo muda mrefu. Akauliza kwa nini uso huu si ule wa mchoro aliotumiwa. Nilitafsiri. Maestro akasema ni kosa la fundi, kufikia Jumamosi litakuwa limesahihishwa, Madame asijali hata kidogo. Nilitafsiri. Madame akauliza fundi ni nani. Baba akasogea, anafuta mikono kwenye suruali, akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, "Mwambie mkono uliteleza."

Nilitafsiri na hilo, neno kwa neno.

Madame alisema mkono ukiteleza huacha mkwaruzo. Mkono huu haukuteleza. Anataka kujua kijana huyu ni nani. Nilimgeukia Baba nikamwambia swali. Baba akatazama sakafu. Pilade aliacha kusugua, na ndipo nikagundua kwamba sijawahi kuisikia karakana ile ikiwa kimya. Baba alisimama tu na vumbi lake kwenye kope, na nilimwona, Kaka, anauma mdomo wa chini kwa ndani, upande wa kushoto. Sikuwahi kujua kwamba tabia hiyo umeitoa kwake.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalotaka kukuungamia, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilisema. Hakuna aliyenituma. Nilisema kwa Kifaransa, mimi, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoijua. Nilimwambia Madame kwamba huyu ni kaka yangu. Kwamba rafiki yake alifia chini ya jiwe mbele ya macho yake, na yeye akakataa kurudi, na baba yangu akamwita kuku mbele ya watu, na sasa yuko Marseille anapika sabuni. Nilimwambia kwamba Daudi naye alikataa. Wakubwa walimvika vyao akasema siwezi kwenda na hivi, na hakuna aliyemwita mwoga kwa kuivua kofia ile. Ipo hapo miguuni pake, kila mtu anaisifu. Nikasema baba yangu hajui kuomba radhi, hana maneno ya kazi hiyo, ila amepewa unene wa ukucha wa marumaru na akaomba humo. Nikasema tafadhali, usiache wamkwangue.

Nimetoa siri ya nyumba yetu kwa mgeni, na nimeitoa mbele ya Baba mwenyewe kwa lugha asiyoisikia. Yeye hadi leo hajui nilisema nini. Unaweza kunilaumu. Mimi mwenyewe nilipomaliza nilimshika Musa.

Madame alisema watoto wake wa shuleni, baba zao walimezwa na bahari, na wengi wao wataingia baharini humo humo kwa sababu ndiyo kazi iliyopo. Kila mtu anawaambia wawe majasiri. Wanaitikia vizuri sana, kisha wanakojoa vitandani na wanaficha mashuka. Alikuwa ametaka Daudi wa kuwafundisha wasiogope. Huyu, akasema, hatawafundisha hivyo, lakini huyu watamsadiki. Akagonga fimbo. Anamchukua kama alivyo, na mtu asimguse na patasi tena, hata kwa kumpangusa.

Nilitafsiri hilo la mwisho tu. Maestro akatabasamu, akainama, akasema hilo ndilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Sasa kila mgeni akija anaelezwa kwamba ushujaa bila woga ni uzembe, na kwamba hili watu wa kale hawakulijua, amelivumbua Corsiglia. Pilade akisikia hivyo anamkonyeza Musa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Baba aliniuliza imekuwaje maneno yote yale kwa kusema tu mkono uliteleza. Nikamwambia Kifaransa kina maneno mengi, Baba. Akanitazama muda, akasema, "Naona." Akanunua chapati ya unga wa dengu ikiwa moto, akaikata katikati, na kipande kikubwa akanipa mimi. Sijui alielewa nini.

Jana tumemfunga Daudi kwenye sanduku. Baba hakumruhusu kijana yeyote kushika kichwa. Alikizungushia sufu yeye mwenyewe, akajaza majani makavu pande zote, na kabla ubao wa mwisho haujapigwa misumari akaniuliza, bila kunitazama, kama shule hiyo ya Marseille iko mbali na viwanda vya sabuni. Nikasema sijui. Akasema, "Muulize mtu." Nikamwuliza nimwulize nani. "Mtu! Si unaandikiana na mtu?" Akachukua nyundo akapiga msumari ukapinda.

Basi nakuuliza, ni mbali? Merikebu itatia nanga huko mwishoni mwa mwezi ikiwa bahari itakuwa tulivu. Nimemwandikia Madame jina lako, naye amesema mlango utakuwa wazi kwako siku yoyote, useme tu umekuja kumwona Daudi. Nenda ukasimame mbele yake. Usiende na wenzako wa kiwandani, watakutania, nenda peke yako kwanza. Angalia na mkono wa kulia pia, kidole gumba. Kuna mkwaruzo hapo, na huo kweli ni wa kuteleza.

Limebaki moja, na hili ni zito kwangu kuliko lile. Katika kila barua niliyokuandikia tangu uondoke, niliweka mwishoni kwamba Baba anakusalimu sana. Hakuwahi kusema, Kaka. Hata mara moja. Zilikuwa salamu zangu nikazivika jina lake, kwa kuwa sikuweza kukuacha usome majina yote ukalikosa hilo. Kisha ukaniandikia kwamba mstari ule ndio unaousoma zaidi, na tangu hapo nimeshindwa kuacha na nimeshindwa kuendelea. Nisamehe. Leo nilikusudia kuacha nafasi tupu.

Ndiyo maana nataka ujue kwamba yanayofuata ni ya kweli. Mama anakusalimu na anauliza unakula nini Jumapili. Pilade anakusalimu, na Musa pia, amesema niandike hivyo. Mama yake Nando anakusalimu. Nilikutana naye kisimani, akasema hana neno nawe, hakuwahi kuwa nalo.

Na Baba. Yuko hapa mezani ninapoandika, ameketi ng'ambo ananoa kisu ambacho hakina haja ya kunolewa. Ameniuliza nimefika wapi. Nikasema nimefika kwenye salamu. Akakijaribu kisu kwa kidole, akasema, "Weka na zangu." Nikauliza niandike vipi. Akasema andika tu. Nikaanza kuandika, naye akanizuia mkono. "Mwambie kofia yake ina paka. Kofia haiihitaji tena. Aje bila kofia."

Mdogo wako akupendaye,
Zelinda